Magari Yanayojiendesha na Sheria ya Barabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu mengi hapa yanahusu California, kwa sababu huko ndiko kanuni zilikoandikwa kwa kina na kisha zikapimwa na ajali za kweli. Nchi na majimbo mengine yametajwa pale yanapokwenda njia tofauti. Maswali yana namba ili jambo lililokwisha kuelezwa lisirudiwe.

## Misingi

1. Kisheria, gari linalojiendesha ni lipi?

Sheria nyingi hutumia ngazi za SAE, chama cha wahandisi wa magari, zinazoanzia 0 hadi 5. Huna haja ya kuzikariri zote. Mpaka wenye uzito mahakamani uko kati ya ngazi ya 2 na ya 3.

Katika ngazi ya 2 gari linaweza kushika usukani, kuongeza mwendo na kufunga breki lenyewe, lakini macho yote ni ya aliyeketi mbele, na lawama pia ni yake. Katika ngazi ya 3 mfumo ndio unaoendesha, ila mtu lazima awe tayari kurudishiwa usukani akiitwa. Ngazi ya 4 haimhitaji mtu kabisa ndani ya mipaka iliyowekwa: mitaa fulani, hali fulani ya hewa, pengine saa fulani. Ukizidiwa, mfumo unaliegesha gari wenyewe. Ngazi ya 5 ni gari la kwenda popote wakati wowote, na halipo barabarani.

Teksi zisizo na dereva za Waymo, kampuni iliyozaliwa Google, ni ngazi ya 4. Mfumo wa Tesla uitwao Full Self-Driving (Supervised), anaouziwa mwenye gari binafsi, ni ngazi ya 2 licha ya jina lake. Tazama swali la 9.

2. Kwa nini Marekani haina sheria moja ya taifa zima?

Kwa miaka mingi kazi iligawanywa hivi: serikali kuu inasimamia chombo, jimbo linamsimamia dereva. NHTSA, mamlaka ya taifa ya usalama wa barabara kuu, huweka viwango vya breki, taa, mikanda na vioo. Jimbo hutoa leseni ya udereva, hudai bima, hupanga sheria za mwendo na kutoza faini. Mgawanyo huo haukuwa na tatizo mradi gari na dereva ni vitu viwili.

Sasa programu imekuwa dereva, na programu hiyo hiyo ni kipuri cha gari. Ikikosea kwenye makutano, je, huo ni ubovu wa chombo au kosa la dereva? Karibu kila mgogoro ulioelezwa hapa chini umetoka kwenye swali hilo. Bunge lilijaribu kulijibu: Septemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa SELF DRIVE, ukafia Seneti. Majimbo yakaendelea kila moja kivyake.

3. Nani alitangulia?

Nevada ilitunga sheria mwaka 2011 na kutoa leseni ya kwanza ya majaribio kwa Google mwezi Mei 2012. California ilifuata Septemba 2012 kwa sheria ya SB 1298. Kanuni zake za majaribio yenye dereva zilianza kutumika tarehe 16 Septemba 2014, na za majaribio bila mtu ndani tarehe 2 Aprili 2018.

4. Serikali hulikagua gari kabla halijaingia barabarani?

Marekani, hapana. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kwamba gari limetimiza viwango, analiuza, na NHTSA huingia baadaye kasoro ikionekana. Isitoshe, viwango hivyo vinahusu chuma, vioo na taa. Hakuna mtihani wa taifa unaopima kama programu inajua kumpisha mtembea kwa miguu.

Ulaya utaratibu ni kinyume chake: gari haliuzwi mpaka mamlaka ya nchi mwanachama iidhinishe aina hiyo. Kwa magari yanayojiendesha kikamilifu, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2022/1426 iliweka kikomo cha magari 1,500 ya aina moja kwa mwaka. Ulaya huchelewa kuanza, Marekani huchelewa kugundua. Hasara ya pili huwa inampata mtu ambaye hakuwahi hata kupanda gari hilo.

## Vibali vya California

5. Kampuni inahitaji vibali vingapi?

Idara ya Magari ya jimbo, DMV, ina vitatu: cha majaribio yenye dereva wa tahadhari (mtu anayeketi mbele tayari kushika usukani), cha majaribio bila dereva, na cha kuliweka gari katika matumizi ya umma. Hupandwa kama ngazi, na kampuni nyingi huishia kwenye kile cha kwanza.

Atakayebeba abiria ana mlango wa pili wa kupita. Tume ya Huduma za Umma, CPUC, ndiyo inayosimamia usafiri wa kukodi, nayo ina vibali vyake. Kampuni inaweza kuruhusiwa na DMV kuendesha gari tupu mjini na bado isiruhusiwe kumtoza abiria hata senti. Mwaka 2022 Cruise, kampuni ya teksi zisizo na dereva ya General Motors, ilipata kibali cha kutoza nauli San Francisco kwa magari 30, usiku tu, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tarehe 10 Agosti 2023 CPUC ilipiga kura 3 kwa 1 kuziruhusu Cruise na Waymo kutoza nauli mjini humo saa 24.

Jiji lenyewe halina kura katika hayo. San Francisco ilipinga, wazima moto wake wakaleta orodha ya visa vya magari kuwazuia njia, na uamuzi ukapita. Jimbo likishalishika jambo hili, meya hubaki mlalamikaji kama mwananchi mwingine yeyote.

6. Maombi ya DMV yanadai nini?

Kwa majaribio yenye dereva: uthibitisho wa bima, dhamana au akiba ya dola milioni 5, orodha ya magari na madereva, mpango wa mafunzo, na ada ya dola 3,600 iliyowekwa kwa magari 10 na madereva 20. Kibali hudumu miaka miwili.

Kwa majaribio bila dereva yanaongezeka haya:

- Mfumo lazima uwe ngazi ya 4 au ya 5, na mipaka yake ielezwe: barabara zipi, mwendo gani, mvua au ukungu kiasi gani.
- Mawasiliano ya moja kwa moja kati ya gari na mtu aliye mbali mwenye leseni, aliyefunzwa.
- Taarifa ya maandishi kwa serikali za maeneo yatakakofanyika majaribio.
- Mpango wa kushughulika na polisi na wazima moto: namna ya kumpata mtu kwa simu, kuzima mfumo, kuliondoa gari njiani, na kujua kama ni la umeme ili asiyejua asikate waya wenye umeme mkali.

Kwa matumizi ya umma, gari liwe pia na kinasa data kinachohifadhi taarifa za vihisi kwa angalau sekunde 30 kabla ya mgongano. Sekunde hizo ndizo huamua kesi. Bila kinasa, kinachobaki ni neno la kampuni dhidi ya neno la aliyegongwa.

7. Dereva wa tahadhari anatakiwa awe na sifa gani?

Awe na leseni kwa miaka mitatu au zaidi, asizidishe pointi moja ya makosa, asiwe amesababisha ajali ya kuumiza au kuua, na asiwe na hatia ya kuendesha amelewa katika miaka kumi iliyopita. Amalize mafunzo ya kampuni. Akiwa kwenye kiti hahesabiwi abiria: sheria inamhesabu kuwa anaendesha. Lililompata dereva wa Tempe liko swali la 14.

8. Kuna mtu anayeliendesha gari kwa rimoti kutoka ofisini?

Kwa kawaida hapana, ingawa uvumi huo hauishi. Kuna kuendesha kwa mbali, ambako mtu hushika usukani na breki kupitia mtandao, na kuna kushauri kwa mbali, ambako gari lililokwama huuliza, “Nipite kushoto kwa lile lori?” na mtu akajibu. Teksi za Waymo hutumia njia ya pili, na uamuzi hubaki kwa gari.

Njia hii ina udhaifu wake: washauri hutosha siku za kawaida tu. Desemba 2025 umeme ulikatika sehemu kubwa ya San Francisco na taa za barabarani zikazimika. Makutano yasiyo na taa huhesabiwa kuwa kituo cha kusimama kwa pande zote, na magari yalijua hivyo, lakini mengi yaliomba uthibitisho kwa mpigo mmoja. Yakasimama yakisubiri jibu, foleni ikajifunga, na Waymo ikasitisha huduma kwa muda.

9. Mbona Tesla zinajiendesha California bila vibali hivi?

Kwa sababu ya ule mpaka wa swali la 1. Mradi kampuni inasema mfumo ni ngazi ya 2 na mtu anausimamia, kanuni za magari yanayojiendesha hazimgusi mwenye gari. Kampuni ndiyo inayotaja ngazi ya mfumo wake. Hilo ni pengo, na liko wazi kwa kila mtu.

Jimbo limejaribu kuliziba kwa upande wa matangazo: sheria ya SB 1398, iliyoanza Januari 2023, inakataza kuuita mfumo wa kusaidia dereva jina litakalomfanya mnunuzi adhani gari linajitegemea. Serikali kuu nayo iliingia kwa upande wa kasoro: Desemba 2023 Tesla ililazimika kurekebisha zaidi ya magari milioni 2 kwa sababu mfumo wa Autopilot haukumbana dereva vya kutosha kuangalia barabara.

Kwa ngazi ya 3 mambo hubadilika mara moja. Mercedes-Benz ilibidi iombe kibali cha DMV kwa mfumo wake wa Drive Pilot, ikakipata Juni 2023: barabara kuu zilizotajwa, mchana, mwendo usiozidi maili 40 kwa saa.

10. Gari lisilo na usukani kabisa linaruhusiwa?

Viwango vya usalama viliandikwa kwa gari lenye kiti cha dereva, vioo vya pembeni na pedali. Mwaka 2022 NHTSA ilirekebisha sehemu inayohusu ulinzi wa waliomo ndani, ili mfuko wa hewa wa “dereva” usidaiwe mahali pasipo na dereva. Kwa mengine, kampuni huomba msamaha. Msamaha wa kawaida hauzidi magari 2,500 katika miezi 12.

Nuro ndiyo iliyopata wa kwanza, Februari 2020, kwa kigari cha kupelekea bidhaa kisichobeba mtu na kisichozidi maili 25 kwa saa. Kiliruhusiwa kukosa vioo vya pembeni na kioo cha mbele cha kawaida. Kwa nini kidaiwe kioo cha kumlinda dereva ambaye hayupo? Cruise iliomba msamaha kama huo mwaka 2022 kwa gari la abiria lililoitwa Origin, na ombi likakaa mezani mpaka mradi wenyewe ukasitishwa mwaka 2024.

## Ajali na ripoti

11. Ajali huripotiwa kwa nani, na kwa muda gani?

Kwa pande mbili. DMV ya California inataka fomu ya OL 316 ndani ya siku 10 kwa mgongano wowote wa gari la majaribio uliosababisha uharibifu, jeraha au kifo, hata kama gari lilikuwa limesimama na kugongwa nyuma. NHTSA inataka ripoti kwa agizo lake la Juni 2021. Mwanzoni ajali kubwa ziliripotiwa ndani ya siku moja. Marekebisho ya Juni 2025 yaliongeza muda kuwa siku tano. Agizo hilo linagusa hata ngazi ya 2, iwapo mfumo ulikuwa umewashwa wakati wowote ndani ya sekunde 30 kabla ya mgongano. Zile sekunde 30 ziliwekwa makusudi, asije mtu akasema mfumo ulijizima kabla tu ya kugonga.

12. Takwimu za “maili kwa kila mara dereva alipoingilia” zinaonyesha nani bora?

Usizitumie kwa kazi hiyo. Kila mwaka wenye vibali vya majaribio hupeleka DMV hesabu ya mara mfumo ulipozimwa, na vyombo vya habari huzipanga kama msimamo wa ligi. Lakini kampuni moja hujaribu barabara kuu tupu, nyingine katikati ya mji. Moja huhesabu kila mguso wa breki, nyingine huhesabu ule tu ambao baadaye, ikiuchezea upya kwenye kompyuta, inaona ungeleta ajali. Dereva mwoga huharibu namba. Dereva asiyejali huipamba. Kilicho kibaya zaidi, ripoti hiyo ni ya majaribio tu, kwa hiyo kampuni ikianza biashara kamili safari zake hutoka kwenye hesabu. Somo zuri liko kwenye safu ya sababu, pale kampuni inapoeleza kilichoushinda mfumo.

13. Cruise ilinyang’anywa kibali kwa kosa gani hasa?

Jibu la haraka ni kumgonga mtu, nalo si sahihi.

Tarehe 2 Oktoba 2023, usiku, San Francisco, gari lililoendeshwa na binadamu lilimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka, likamrusha mbele ya teksi ya Cruise isiyo na dereva. Teksi ilifunga breki, ikamgonga, ikasimama. Hapo ndipo programu ilipofanya ilichofundishwa kufanya baada ya mgongano: kujitoa katikati ya njia na kuegesha pembeni. Mfumo haukutambua kwamba mtu yuko chini ya gari. Ukamburuta takriban futi 20, mita 6 hivi, kabla ya kusimama tena. Mtu aliyepata leseni kwa bahati nasibu angeshuka kuchungulia kwanza.

Tarehe 24 Oktoba DMV ilisimamisha vibali mara moja, kwa sababu mbili: gari si salama kwa umma, na kampuni ilitoa taarifa za kupotosha kuhusu usalama wake. DMV ilisema haikuonyeshwa video ya sehemu ya kuburuta katika kikao cha kwanza. Mwezi uliofuata Cruise iliita magari 950 kwa marekebisho na mkuu wake akajiuzulu. Kisha zikaja faini: dola 112,500 za CPUC, dola milioni 1.5 za NHTSA, na dola 500,000 katika kesi ya jinai ambamo kampuni ilikiri kupeleka ripoti ya uongo. Desemba 2024 General Motors iliacha kugharamia biashara hiyo.

Linganisha ukubwa wa hizo faini na thamani ya kibali. Faini ilikuwa fedha ya kulipika. Kilichoiua kampuni ni kukosa kuaminiwa na ofisi iliyoshika kalamu.

14. Katika kifo cha Tempe mwaka 2018, nani aliadhibiwa?

Dereva wa tahadhari. Tarehe 18 Machi 2018 gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli huko Tempe, Arizona. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, ulionyesha kuwa vihisi vilimwona sekunde 5.6 kabla, lakini programu iliendelea kubadili mawazo kuhusu alikuwa kitu gani, na haikutegemea mtu kuvuka mahali pasipo na kivuko. Breki ya dharura iliyokuja na gari kutoka Volvo ilizimwa wakati mfumo wa Uber ukifanya kazi. Dereva alikuwa akitazama simu.

Waendesha mashtaka hawakuishitaki kampuni. Dereva alikiri kosa la kuhatarisha maisha mwaka 2023 akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Arizona wakati huo ilikuwa ikisifiwa kwa kukaribisha kampuni bila masharti mengi, na ripoti ya NTSB iliikosoa kwa kukosa usimamizi. Uingereza imeligawa suala la lawama kwa namna nyingine. Tazama swali la 18.

15. Gari huitwaje “kwa marekebisho” wakati kasoro iko kwenye programu?

Kisheria ni utaratibu ule ule wa kipuri kibovu: taarifa kwa NHTSA, maelezo ya kasoro, idadi ya magari, dawa yake. Kilichobadilika ni kwamba mara nyingi gari halirudi gereji. Programu mpya hushuka hewani, au huwekwa gari likiwa kwenye bohari ya kampuni. Waymo ilifanya wito wake wa kwanza Februari 2024, kwa magari 444, baada ya teksi zake mbili kugonga pikapu moja ile ile, iliyokuwa ikivutwa kwa mshazari, kwa kupishana dakika chache huko Phoenix. Mwaka 2025 ikafuata ya mageti na minyororo, magari 1,212, na Desemba mwaka huo zaidi ya 3,000, kwa sababu ya kupita mabasi ya shule yaliyosimama huku taa zake zikimweka. Dereva mmoja akilipita basi la shule amekosea yeye. Programu ikikosea, imekosea katika magari yote kwa siku moja.

## Polisi, bima na lawama

16. Polisi humwandikia nani faini?

Kwa muda mrefu California hakuna aliyeandikiwa. Septemba 2025 polisi wa San Bruno walisimamisha teksi ya Waymo iliyogeuza pasiporuhusiwa, wakachungulia dirishani, wakakuta kiti kitupu. Daftari la tiketi lilikuwa na nafasi ya jina la dereva, na dereva hayuko. Waliishia kuipigia kampuni simu.

Sheria ya AB 1777, iliyotiwa saini 2024, inaweka tarehe 1 Julai 2026 kuwa siku ya kuanza utaratibu mpya: afisa anaandika notisi ya ukiukaji kwa kampuni, na kampuni inaipeleka DMV. Angalia vizuri, hiyo ni notisi kwa msimamizi wa kibali. Si faini ya papo hapo. Texas ilichukua njia fupi tangu 2017: mwenye mfumo wa kujiendesha anahesabiwa kuwa ndiye mwendeshaji, basi tiketi inamfuata.

17. Wazima moto wakilikuta gari limeziba njia wafanye nini?

Wafuate mpango uliotajwa swali la 6: namba ya simu iko kwenye gari, mtu wa mbali anajibu, na maafisa waliofunzwa wanaweza kulihamisha. AB 1777 inaongeza jambo lenye nguvu zaidi: wazima moto wanaweza kutangaza eneo la dharura kwa njia ya kielektroniki, na kampuni inapewa dakika mbili kuyaelekeza magari yake yaondoke au yasiingie. Kisichofaa ni kusimama mbele ya gari na kulipungia mkono ukitegemea litaelewa ishara kama dereva mwenye macho.

18. Uingereza na Ujerumani wamelitatua vipi suala la lawama?

Uingereza imeandika jibu lililo wazi kuliko wengine. Sheria ya Magari ya Kujiendesha ya 2024 inadai gari lifikie usalama wa dereva binadamu makini na mwenye uwezo. Kampuni iliyoidhinishwa ndiyo hujibu kwa namna gari linavyoendeshwa. Aliyeketi kwenye kiti cha mbele ana kinga dhidi ya makosa ya uendeshaji mfumo ukiwa kazini, lakini bado anawajibika kwa bima, mizigo na abiria kufunga mikanda. Kampuni ikificha taarifa za usalama au kutoa za uongo, ni jinai. Kwa bima, sheria ya 2018 ilikwisha kusema: bima hulipa majeruhi kwanza, halafu hugombana na mtengenezaji baadaye. Kwa mjane wa marehemu tofauti hiyo ni miaka ya kesi.

Ujerumani iliruhusu ngazi ya 4 kwa sheria ya Julai 2021, katika maeneo yaliyoidhinishwa, kwa sharti la kuwepo msimamizi wa kiufundi: binadamu mwenye sifa, aliye mbali, anayeweza kulizima gari au kuruhusu hatua ambayo gari limeipendekeza. Kabla ya hapo Mkataba wa Vienna wa 1968 ulidai kila gari liwe na dereva. Marekebisho yaliyoanza Julai 2022 yakafungua mlango kwa nchi zenye sheria zake za ndani.

19. Ninaweza kulala ndani ya gari likijiendesha?

Abiria wa teksi ya ngazi ya 4, ndiyo, kama ungelala kwenye teksi yoyote. Ukishindwa kuamka kwenye kituo, watakupigia kelele za spika na pengine kuita msaada. Katika ngazi ya 3, hapana: unaweza kutazama filamu nchi nyingine, lakini ukiitwa lazima ushike usukani ndani ya sekunde chache. Katika ngazi ya 2 kulala ni uendeshaji wa hatari. Pombe iko hivyo hivyo: aliyelewa asiketi kwenye kiti chochote ambacho sheria inaweza kumrudishia usukani.

## Malori na magari yetu

20. Malori yasiyo na dereva yanaruhusiwa Marekani?

Inategemea jimbo. Kanuni za California za miaka yote hiyo ziliacha nje magari ya ratili 10,001 na zaidi, kilo 4,500 hivi, na ni Aprili 2025 tu ndipo DMV ilipochapisha rasimu ya kuyaruhusu. Texas iliyaruhusu mapema, na Aurora, kampuni ya malori yanayojiendesha, ilianza safari za mizigo bila dereva kati ya Dallas na Houston mwaka 2025. Kwa ndugu zetu wengi wanaoendesha malori huko, hii ndiyo njia ya kufuatilia kwanza: barabara kuu iliyonyooka, hali ya hewa kavu, kutoka bohari hadi bohari. Kuingia mjini na kurudi nyuma kwenye geti la ghala bado ni kazi ya binadamu.

Kikwazo kimoja kilikuwa kidogo kuliko wote. Sheria ya taifa inadai lori lililosimama kando ya barabara liwekewe pembetatu tatu za tahadhari ndani ya dakika 10, moja kwa takriban mita 3 na nyingine kwa mita 30. Nani atashuka kuziweka? Waymo na Aurora ziliomba zitumie taa za kumweka juu ya kichwa cha lori, zikakataliwa Desemba 2024, na Aurora ikaenda mahakamani. Oktoba 2025 ikapewa ruhusa ya muda kwa masharti.

21. Tanzania au Kenya, gari lisilo na dereva linaruhusiwa?

Sheria za Usalama Barabarani za Tanzania, Sura ya 168, na ile ya Kenya, Sura ya 403, zimejengwa juu ya dereva binadamu mwenye leseni. Bima ya mtu wa tatu nayo (Sura ya 169 Tanzania, Sura ya 405 Kenya) inamfuata anayetumia gari. Hakuna mahali programu inapoweza kuketi. Wanaotaka kuona utaratibu wa karibu zaidi watazame Dubai, ambako Sheria namba 9 ya 2023 iliipa mamlaka ya barabara na usafiri, RTA, kazi ya kutoa leseni hizo.

22. Gari langu kutoka Japani linashika usukani na kufunga breki lenyewe. Nina kosa?

Huna. Toyota Safety Sense, Subaru EyeSight na mifumo ya aina hiyo ni msaada wa dereva, ngazi ya 1 au ya 2. Ukigonga, umegonga wewe, na “gari lilifunga breki lenyewe” hakutakuokoa kwa trafiki.

Tahadhari ni za kiufundi zaidi. Kamera ya mfumo iko juu ya kioo cha mbele, na EyeSight ina mbili. Ukibadilisha kioo, lazima kamera zipimwe upya kwa mashine. Fundi akizirudisha kwa kukisia, gari litafunga breki kwa kivuli au halitafunga kabisa. Rada mara nyingi iko nyuma ya nembo au ndani ya bampa: ngao ya chuma, rangi nzito au bampa lililonyooshwa kwa moto huipofusha. Mistari iliyofutika na matuta yasiyo na alama huuchanganya mfumo wa kushika njia, na ukiiona taa yake ikiwaka na kuzima mara kwa mara, zima kitufe chake na uendeshe mwenyewe.